SEMMELWEIS, MUNGANGA ALIYENAWISHA WENZAKE MIKONO



Safari hii tunawaletea maisha ya munganga mumoja wa Ulaya, Ignaz Semmelweis (jina lake linasomwa Zemelvais). Wengi wetu tumekwisha kusikia majina ya Pasteur na Fleming mu masomo ya biolojia, lakini jina la Semmelweis halisikiki sana. Hakuvumbua dawa ya kumeza wala ya sindano. Hakutengeneza mashini. Alifanya kitu kimoja: aliamuru waganga wanawe mikono vizuri mbele ya kugusa mama mwenye kuzala. Juu ya lile neno wamama wengi walibaki na uzima. Juu ya lile neno tena yeye alikosana na wakubwa wake, akapoteza kazi, na mwishoni akafa kifo kibaya. Namna gani neno dogo vile linaweza kuleta vita kati ya watu wenye masomo? Tusome polepole, tutaona.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 ku Buda, mu inchi ya Hungaria. Leo Buda na muji wa Pest, ulio ngambo ya muto Danube, ni muji mumoja, Budapest. Waliunganisha ile miji mu 1873. Wakati ule Hungaria ilitawaliwa na mufalme wa Austria, mwenye kukaa Vienna. Baba yake Ignaz alikuwa mwenye duka, akiuzisha vyakula na viungo. Watoto walikuwa kumi mu ile nyumba, na Ignaz alikuwa wa tano.

Mu 1837 alienda Vienna kusoma sheria. Mwaka uliofuata aliacha sheria, akaingia mu masomo ya uganga. Mu 1844 akapata diploma ya udaktari. Alichagua kazi ya kuzalisha wamama. Ile kazi haikuwa na heshima kubwa kati ya waganga wa siku zile, lakini yeye aliipenda, na aliifanya kwa bidii sana. Tushike lile neno bidii, maana tutalikuta tena mbele.

MATERNITE YENYE PANDE MBILI

Ku Vienna kulikuwa hospitali kubwa sana ya serkali, na ndani yake maternite. Wamama maskini, na wale wasiokuwa na bwana, walipokelewa mule bure. Na wao walikubali wanafunzi wajifunze kazi juu yao. Ile maternite ilikuwa na pande mbili, na tangu 1840 wanafunzi wake waligawanyika. Ku upande wa kwanza walijifunza wanafunzi wa uganga, wanaume. Ku upande wa pili walijifunza wanawake wenye kutafuta diploma ya kuzalisha. Wamama walipokelewa kwa zamu: leo upande wa kwanza, kesho upande wa pili. Mama hakuchagua. Siku ile uchungu wake ulipoanza njo ilimuchagulia mulango.

Tarehe 1 Julai 1846, siku ya kutimiza miaka 28, Semmelweis alianza kazi ku upande wa kwanza. Alikuwa musaidizi wa profesere Johann Klein.

Mule ndani alikuta homa ya wazazi. Tueleze ile homa kidogo. Mama anazala vizuri, mutoto analia, watu wanafurahi. Kisha siku moja ao mbili ao tatu, mama anaanza kutetemeka kwa baridi. Homa inapanda. Tumbo linavimba, linakuwa gumu, linauma hata shuka ikiligusa. Akili inapotea, anasema maneno yasiyo na njia. Kisha siku kidogo anakufa, na mara nyingine mutoto anamufuata. Waganga walijua ile homa tangu zamani sana, lakini hawakujua inatoka wapi. Wengi walisema inatoka mu hewa mbaya, ao mu nyota na majira, ao mu maziwa ya mama yaliyopotea njia.

Semmelweis aliangalia mabuku ya maternite, akahesabu. Mu mwaka 1846 upande wa kwanza ulizalisha wamama 4.010, kati yao 459 walikufa. Upande wa pili ulizalisha wamama 3.754; walikufa 105. Maana yake: upande wa waganga walikufa zaidi ya wamama 11 kwa kila 100, na upande wa wazalishaji hawakufika 3 kwa 100. Wala haukuwa mwaka mumoja tu. Ilikuwa vile miaka yote tangu walipogawanya.

Watu wa muji walijua ile hesabu bila kusoma buku. Mama akifika pa mulango na kusikia kwamba ile siku ni ya upande wa kwanza, alipiga magoti, akaomba arudishwe. Wengine walizalia mu njia, kisha wakaja na mutoto mukononi. Na kumbe, wale waliozalia mu njia walikufa kidogo kuliko wale waliozalishwa na waganga ku kitanda. Lile jambo lilimuchoma Semmelweis sana. Namna gani mutu asiyesaidiwa na mutu anapona, na mwenye kusaidiwa na profesere anakufa?

KUTAFUTA SABABU

Semmelweis alianza kutafuta kama mwalimu wa hesabu anavyotafuta kosa ku ubao, musitari kwa musitari. Kama sababu ni hewa mbaya ya muji, pande zote mbili zinavuta hewa moja, na hata mama aliyezalia mu njia anavuta ileile. Kama ni watu kusongana mu chumba, upande wa pili njo ulikuwa na watu wengi zaidi, maana wamama walikimbilia kule. Chakula kilikuwa kimoja. Shuka zilifuliwa namna moja.

Akaangalia namna ya kulala. Upande wa pili wamama walizala wakilalia ubavu. Upande wa kwanza walilalia mugongo. Akaamuru walalie ubavu. Hakuna kilichogeuka. Akaangalia padri, mwenye kuletea wagonjwa sakramenti ya mwisho: ku upande wa kwanza alikuwa anapita mu vyumba vyote, na kengele inalia mbele yake. Labda woga njo unaua? Akaomba padri apite njia ingine, kengele inyamaze. Wamama waliendelea kufa.

Na yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini? Kila asubui, mbele ya kuingia maternite, alienda ku nyumba ya maiti kupasua miili ya wamama waliokufa, apate kujua ugonjwa umekaa fasi gani. Wanafunzi walifanya vilevile. Kisha walinawa mikono kidogo na sabuni, harufu ya maiti ikibaki ku vidole, wakaenda kupima wamama wenye uchungu. Hakuna aliyefikiri kwamba ni vibaya. Ile ilikuwa sayansi ya kisasa, na Vienna ilikuwa na sifa mu Ulaya yote juu ya ile kazi.

KIFO CHA RAFIKI

Mu mwezi wa tatu 1847 Semmelweis alikuwa ametembea mpaka Venice, ku Italia, kupumuzika. Aliporudi alipewa habari mbaya: rafiki yake Jakob Kolletschka, profesere mwenye kupasua maiti, amekufa. Mwanafunzi mumoja alimuchoma kidole na kisu wakati wa kupasua maiti. Kidonda kidogo tu. Lakini mukono ulivimba, homa ikapanda, na kisha siku kidogo akafa.

Semmelweis alisoma karatasi ya wale waliopasua mwili wa rafiki yake. Aliposoma, alishituka. Alama zilizoandikwa mule zilikuwa zilezile alizokuwa anaona kila siku ndani ya miili ya wamama. Kolletschka alikuwa mwanaume, hakuzala, hakunyonyesha, hakusikia kengele ya padri. Lakini alikufa ugonjwa uleule.

Basi akaunganisha mambo. Kisu kilichukua kitu fulani mu maiti, kikakiingiza mu damu ya Kolletschka. Kwa wamama, kisu ni nini? Ni vidole vya waganga. Mama aliyetoka kuzala iko na vidonda ndani, na mukono wenye kutoka ku maiti unaingia palepale. Wazalishaji wa upande wa pili hawapasui maiti. Kwa hiyo wamama wao wanakufa kidogo. Mama wa mu njia hakuguswa na mutu. Kwa hiyo anapona.

Sasa tukumbuke lile neno bidii. Hakuna munganga kijana aliyekuwa anapasua maiti kwa bidii kumupita Semmelweis. Alikuwa anazipasua juu ya kutafuta namna ya kuokoa wamama. Kumbe, ile bidii njo ilikuwa inabeba kifo. Hakujificha. Aliandika nyuma, mu buku lake, kwamba Mungu peke yake anajua hesabu ya wale aliowapeleka ku kaburi mbele ya siku yao.

MAJI YA KLORI

Mu nusu ya mwezi wa tano 1847 aliweka beseni pa mulango wa maternite. Ndani yake alitia maji ya klori, na nyuma chokaa ya klori, maana bei yake ilikuwa ndogo. Ile chokaa ni ndugu ya javel tunayojua sisi. Aliichagua sababu iliondoa harufu ya maiti ku mikono, na sabuni peke yake haikuweza. Akatoa amri: hakuna mutu atakayegusa mama mbele ya kusugua mikono mu yale maji, hata profesere.

Tuangalie hesabu. Mu mwezi wa ine 1847 walikufa wamama 18 kwa 100. Mu mwezi wa sita walikufa 2 kwa 100. Mu mwezi wa saba, 1 kwa 100. Mu mwaka muzima wa 1848, kwa wamama 3.556 wa upande wa kwanza walikufa 45 tu. Ule mwaka, mu mwezi wa tatu na wa munane, hakufa hata mumoja. Pande mbili zikawa sawasawa.

Njiani alijifunza neno lingine. Mu mwezi wa kumi 1847, mama mumoja mwenye kansere ya tumbo la uzazi, yenye kutoa usaha, alilazwa ku kitanda cha kwanza. Waganga walinawa wakati wa kuingia, lakini kisha kumupima yule walinawa na sabuni tu, wakaendelea kwa wengine. Wamama 12 walizala pamoja naye, 11 walikufa. Basi sumu haitoki ku maiti peke yake. Inaweza kutoka kwa mugonjwa muzima. Tangu siku ile aliamuru kunawa kati ya mama na mama.

KWA NINI HAWAKUMUSIKIA

Musomaji atauliza: kisha hesabu kama zile, nani anaweza kukataa? Wengi walikataa. Tuseme sababu zao, maana hawakuwa wapumbavu.

Sababu ya kwanza, hakuna aliyekuwa ameona ile sumu. Semmelweis mwenyewe hakujua ni kitu gani. Alisema tu ni vipande vya vitu vilivyooza. Profesere Klein alisema vifo vimepunguka sababu wametengeneza njia mupya za kuingiza hewa mu nyumba.

Sababu ya pili, siasa. Mu 1848 vita vya mapinduzi vililipuka ku Vienna na ku Hungaria. Semmelweis alikuwa Muhungaria. Mu mwezi wa tatu 1849 kazi yake ilipofika mwisho, Klein hakumuongezea muda.

Sababu ya tatu ni yake mwenyewe. Rafiki zake wakubwa, profesere Skoda, Rokitansky na Hebra, walimusihi aandike. Hebra aliandika kwa ajili yake mu gazeti la waganga mu mwezi wa kumi na mbili 1847. Yeye mwenyewe hakupenda kuandika. Buku lake lilitoka mu 1861, miaka 14 kisha kuvumbua. Mu ile miaka 14 watu walipinga maneno ambayo hawakuyasikia vizuri.

Sababu ya ine njo ilikuwa nzito kupita zote. Kumukubali Semmelweis, ni kukubali kwamba mikono yako iliua. Munganga aliyezalisha wamama miaka makumi mawili, akisifiwa na muji muzima, atasema nini ku moyo wake usiku? Kulikuwa mumoja aliyekubali kwa unyofu, profesere Gustav Michaelis wa Kiel, ku Ujerumani. Aliweka maji ya klori mu maternite yake, akaona kweli vifo vinapunguka. Lakini mbele ya pale alikuwa amezalisha binti mumoja wa jamaa yake, na yule binti alikufa kwa homa ya wazazi. Michaelis alielewa nani aliyemupelekea ile homa. Huzuni ilimushinda, na mu 1848 alijiua. Wengine wengi walichagua njia nyepesi: walisema ile hesabu ni ya uongo.

KURUDI KWAO NA KUFA

Mu mwezi wa kumi 1850 Semmelweis alipewa ruhusa ya kufundisha ku Vienna, lakini juu ya sanamu tu, si juu ya watu. Kisha siku kidogo aliondoka bila kuaga hata rafiki zake, akarudi Hungaria. Rafiki walihuzunika juu ya vile.

Ku Pest alichukua maternite ya hospitali ya Mutakatifu Roko tangu 1851, bila mushahara. Mu miaka sita walizala wamama 933 mule. Kwa homa ya wazazi walikufa 8. Mu 1855 akawa profesere wa chuo kikuu cha Pest. Mu 1857 alioa Maria Weidenhofer, wakazala watoto watano. Wawili walikufa wakingali wadogo.

Lakini moyo wake haukutulia. Alijua kwamba kila siku, ku Vienna, ku Berlin, ku Prague, wamama wanakufa bila sababu. Buku lake lilipotoka, wakubwa wengi walilitupa pembeni. Tangu 1861 aliandika barua za wazi kwa maprofesere, akiwaita wauaji mbele ya dunia yote. Zile barua zilikuwa na kweli ndani, lakini zilifunga masikio zaidi. Polepole akili yake ilianza kuchafuka. Alisahau mambo, alikasirika bure, na mazungumzo yote aliyageuza kuwa ya homa ya wazazi.

Mwishoni mwa mwezi wa saba 1865 walimupeleka Vienna kwa udanganyifu, eti aende kutembelea hospitali. Ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipoelewa alitaka kutoka. Wale waliochunguza karatasi za ile hospitali nyuma wameandika kwamba walinzi walimupiga sana. Kidonda cha ku mukono wa kuume kilioza, sumu ikaingia mu damu. Alikufa tarehe 13 Agosti 1865, mwenye miaka 47, kwa ugonjwa wa damu kuoza, ndugu ya ule aliopigana nao maisha yake yote. Mu 1891 mifupa yake ilirudishwa Budapest. Tangu 1969 chuo kikuu cha waganga cha ule muji kinaitwa jina lake, na nyumba aliyozaliwa imekuwa makumbusho ya uganga.

MIKROBE YENYE KUFANANA NA USHANGA

Mu 1879, miaka 14 kisha kifo chake, waganga walikutana Paris. Mumoja alikuwa anahubiri juu ya sababu za homa ya wazazi. Louis Pasteur, asiyekuwa munganga, alimukata neno, akaenda ku ubao, akachora viduara vidogo vilivyoshikana kama ushanga ku uzi. Alisema njo hii inaua wamama, na waganga njo wanaibeba kutoka kwa mama mugonjwa mpaka kwa mama muzima. Theodor Billroth, munganga wa kupasua ku Vienna, alikuwa ameipa ile mikrobe jina mu 1874: streptokoki. Ni maneno mawili ya Kigriki, munyororo uliosokotwa, na punje.

Sisi wa Mwadingusha haifai kutuona ni ajabu kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kuwa na nguvu. Maji ya Lufira yanaanguka, mashini zinazunguka, na umeme unaenda mu nsinga. Nani amekwisha kuuona ukipita? Lakini hakuna mutu mwenye akili atakayeshika ule nsinga. Waganga wa 1847 walikuwa wanashika nsinga kila siku, lakini aliyeungua alikuwa mutu mwingine.

Tusifikiri tena kwamba kunawa ni akili ya Ulaya peke yake. Mu ule mwaka wenyewe wa 1879, Robert Felkin, Mwingereza aliyesoma uganga na kutumwa na misioni, alikuwa mu ufalme wa Bunyoro, ku Uganda, ngambo ya ziwa Albert. Pale Kahura aliona munganga mwenyeji akipasua tumbo la mama aliyeshindwa kuzala, ili atoe mutoto. Ule munganga aliosha mikono yake na tumbo la mama na pombe ya ndizi, kisha na maji. Alipomaliza alifunga kidonda na sindano za chuma, akapaka dawa ya mizizi. Mama na mutoto walipona. Felkin aliandika habari ile mu gazeti la waganga la Edinburgh mu 1884. Wakati ule, ku hospitali nyingi za Ulaya, mama aliyepasuliwa vile alikuwa na tumaini ndogo sana.

STREPTOKOKI INGALI KATI YETU

Dawa zilikuja nyuma. Mu 1935 Mujerumani Gerhard Domagk alitangaza Prontosil, dawa ya kwanza yenye kushinda streptokoki ndani ya mwili. Alikuwa amempa binti yake mwenyewe, na mukono wa yule binti ulipona bila kukatwa. Kisha ikaja penisilini, ile Alexander Fleming aliivumbua mu 1928. Mpaka leo streptokoki yenye kuleta homa ya wazazi haijajifunza kushinda penisilini. Lakini mikrobe haijaisha, na sisi wanafunzi inatuhusu, hata kama hatuzali.

Ile streptokoki inapenda kukaa mu koo. Inaleta angina: koo inauma, kumeza ni shida, homa inapanda, na tezi za shingo zinavimba. Inapita kwa kukohoa, kwa mikono, na upesi zaidi fasi watu wanalala kwa kusongana, kama mu dortuare. Ku ngozi inaleta vidonda vya watoto vyenye maji na magamba ya manjano. Ikiingia ndani ya nyama ao damu, inaweza kuua upesi. Ndugu yake mumoja anashika watoto waliozaliwa juzi; ndugu mwingine, pneumokoki, analeta ugonjwa wa mapafu na wa bongo.

Kuna hatari ingine, ya kimyakimya. Juma mbili ao tatu kisha angina isiyotunzwa, watoto wengine, zaidi wenye miaka 5 mpaka 15, wanapata homa yenye kuruka mu viungo: leo goti linavimba, kesho kiwiko. Watu wanasema ni kukomaa, ao ni mupira, ao ni mutu amemuroga. Viungo vinapona. Lakini ule ugonjwa unaweza kuharibu milango midogo ya moyo, na mutoto anakuwa mwenye kukosa pumzi maisha yake yote. Msichana mwenye moyo kama ule, siku atakapobeba mimba, atakuwa mu hatari. Mu 2018 mukutano wa Shirika la Afya Duniani uliomba serkali zote zipigane na ule ugonjwa. Ku inchi tajiri umepunguka sana. Ku Afrika ungali unachukua vijana.

Kwa hiyo, mwenye koo ya kuuma pamoja na homa aende ku dispansere apimwe. Akipewa penisilini ya siku kumi, aimalize siku kumi, hata kama koo imepona siku ya tatu. Asigawanye vidonge na rafiki yake ku dortuare. Tunawe mikono na sabuni kisha kutoka ku choo, mbele ya kula, na zaidi mbele ya kushika mutoto wa siku mbili, hata kama tunakuja na furaha na zawadi.

Na kuna neno moja ambalo haliko la uganga tu. Waganga wa Vienna hawakuwa wabaya. Walikuwa watu wa kazi, wenye kutaka kuokoa. Walishindwa kukubali kitu kimoja: kwamba mwenye kusaidia anaweza kuwa njo anayeleta hasara. Mwalimu, kapita wa kilasi, muzazi, hata mukubwa wa inchi, siku moja kila mumoja ataonyeshwa hesabu yenye kumuhukumu. Semmelweis alionyeshwa ya kwake. Hakuchana karatasi. Alienda kutafuta beseni.